Shuka la Happy, Ncha Mbili

Jumapili, 6 Julai 2025

Asubuhi ukungu mzito, baridi ya kuuma vidole. Kufikia misa ya pili jua limetoka, na vumbi nalo.

Shuka limerudi kutoka Muyinga. Radjabu wa ajansi ya mabasi kaliteremsha mwenyewe, kalibeba kifuani. Kila mara utani uleule: "Mama Letisia, mutoto yako iko nzito, unaikulisha nini?" Nikamwambia apanguse mikono kwanza. "Nilipangusa Karusi, mama, na hapa nikapangusa tena. Hii kitambaa itanifanya nakuwa musafi kuliko bibi yangu."

Niandike utaratibu, maana miezi inapita na mimi mwenyewe naanza kuuchanganya. Happy, binti wa marehemu kaka yetu Yakobo, anaolewa na Prosper Jumamosi ya tarehe 9 Agosti. Nusu ya utoto wake alilelewa na dada yangu Adventina kule Muyinga, nusu nyingine na mimi hapa Musinzira, Gitega. Alipochumbiwa akatuomba kitu kimoja tu: shuka la kitanda la kudarizi kwa mkono, wanyama na maua, kama yale tuliyokuwa tunayadarizi kambini Tanzania. Shuka moja. Mashangazi wawili. Mjanja huyu! Anajua kabisa kwamba mimi na Adventina hatusemezani tangu siku ya kuondoa matanga ya mama, yale maharage ya wageni yalipotiwa chumvi mara mbili. Mimi nilitia mara moja. Hilo nina uhakika nalo.

Basi tumegawana. Mimi nimeanzia pindo moja, yeye pindo la upande wa pili, tutakutana katikati, ambako nimepitisha uzi mwekundu kama mpaka. Shuka linakaa kwangu wiki kadhaa, halafu linakwenda kwake. Nusu ya mwenzako huwezi kuiona: imekunjwa, imetiwa ndani ya foronya, foronya imeshonwa mdomo. Kila mtu anafumua foronya yake tu. Kanuni hiyo ni ya Happy. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Shangazi, ukiiona utasema." Nikamwambia mimi si mtu wa kusema. Nazario, mume wangu, akakohoa.

Leo nimemaliza mkia wa korongo. Safu yangu ya mwisho inakwenda hivi: korongo, alizeti, sungura, waridi, ng'ombe wa pembe ndefu. Sungura bado macho. Macho nayaacha mwisho siku zote — mnyama akishayapata anaanza kukutazama unavyokosea.

Jumatano, 16 Julai

Upepo tangu alfajiri. Vumbi mpaka ndani ya chai.

Nusu yangu imekwisha! Sungura anaona. Nimeikunja, nimeitia kwenye foronya ya bluu, nimeishona mdomo kwa uzi maradufu ili huyo wa Muyinga asipate hata pa kuchungulia. Nimelipeleka ajansi kwa mkono wangu.

Nikampa Radjabu maneno ya mdomo: amwambie Adventina asikaze sana mishono, kitambaa kinajikunja. (Ninajua. Foronya yake inavutika upande mmoja.) Radjabu akaniangalia. "Bon. Nitamuambia unamusalimia."

"Nimesema hivyo?"

"Hapana, mama. Lakini mi nalala kule Muyinga, na kesho nataka nirudi muzima."

Jumamosi, 26 Julai

Baridi. Anga jeupe kama sufuria.

Shuka halijarudi. Radjabu kashuka mikono mitupu, kaanza kujitetea kabla sijauliza. "Dada yako anasema simba yake haiyaisha nywele." Simba! Simba hakuwamo kwenye mpango. Mpango niliomtumia ulisema wazi: paka. "Nilimuambia vile, mama. Akasema ilikuwa paka, ikakula, ikakomaa."

Nimetembea kurudi nyumbani nikiwaza simba wa Adventina anakaa jirani na mnyama gani.

Mchana mama yake Prosper kaja kutusalimia. Mkononi ana blanketi la Kichina, lile zito la manyoya, lina chui mzima katoa ulimi. Chui mkubwa kama mlango. Kamletea Happy, "la kitanda chao." Tukashukuru sana. Chui akakaa kwenye kochi mpaka jioni, anatutazama sote tunavyokunywa Fanta.

Mgeni alipoondoka, nikamwambia Happy kwamba blanketi ni zuri lakini la kuweka kabatini. Hapo ndipo katoa sharti lake. Kwanza kampigia Adventina, akaweka simu mezani ili tusikie wote wawili, akasema maneno yaleyale mara moja kwa wawili:

"Shangazi zangu, sikilizeni. Asubuhi ya arusi mtaingia chumbani kwangu pamoja. Mmoja upande huu wa kitanda, mmoja upande ule, mtatandika shuka pamoja. Mkishindwa, natandika chui. Na picha za arusi zitapigwa na chui."

Simu ikasema, "Mwambie huyo wa Gitega kwamba mi nimesikia." Nikamwambia Happy amwambie huyo wa Muyinga kwamba na mimi nina masikio.

Kwetu shangazi ndiye anayetandika kitanda cha bibi arusi. Mkubwa ndiye mtandikaji. Na mkubwa ni Adventina. Lakini kitanda kiko Gitega, kwenye nyumba yao mpya ya Magarama, na nyumba nimeifagia mimi. Sijui kama umri unashinda ufagio.

Jumapili, 3 Agosti

Ukungu, baadaye jua. Sikwenda misa. Mungu anisamehe, ameona kilichonipata.

Shuka limefika jana jioni. Radjabu kaniambia, "Mama, iko fini." Imekwisha! Nusu ya Adventina imekwisha, nusu yangu imekwisha, katikati tu ndiyo tupu, kiganja kimoja huku na kimoja kule kwa uzi mwekundu. Sasa kanuni inaruhusu kufumua foronya zote mbili. Nikalala na hamu, nikaamka na hamu. Chai, halafu mkasi. Nikasogeza meza ukutani, nikafagia sakafu ya sebule mara mbili, nikatandaza mkeka, na juu ya mkeka shuka.

Kwanza — niwe mkweli hapa, hakuna anayesoma — kazi yake ni nzuri. Nzuri sana. Nywele za simba amezishona kwa uzi mmoja mmoja, rangi tatu, unataka kuzichana. Maua ya maharage kayadarizi, kitu ambacho hakuna mtu anayekifikiria, meupe na zambarau, madogo kama kucha. Nikageuza nyuma kutafuta mafundo. Hakuna mafundo. Nikarudi mbele.

Halafu nikasimama wima nilione lote.

Nikafikiri nimekaa upande mbaya. Nikazunguka. Sasa korongo wangu alikuwa anasimama kwa kichwa. Nikarudi nilikotoka. Korongo kasimama vizuri, lakini simba wa Adventina miguu iko juu. Ng'ombe wake miguu juu. Mbuzi, kiboko, hata maua yananing'inia kama popo. Nikazunguka tena! Nadhani nimezunguka shuka lile mara nyingi kuliko Radjabu alivyozunguka mlima wowote.

Nazario katoka chumbani na mswaki mdomoni. Kainamisha kichwa hivi. Kainamisha vile. Kasema, "Hawa wamelala, au wamekufa?"

Nikakaa chini kwenye mkeka nikafikiri, nikaelewa. Ukidarizi, furushi la shuka linakaa mapajani, na pindo unaloanzia linaelekea mbele, mbali na wewe. Kwa hiyo vichwa vya wanyama vinaelekea pindoni. Kwangu hivyo. Kwake hivyo hivyo! Yeye na mimi tulifundishwa na mtu mmoja, kwenye jamvi moja, tunashika fremu kwa mkono uleule. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba pindo la mwenzake nalo lina wazo lake. Miezi yote hiyo tumekuja tukirudi nyumanyuma, mimi kutoka huku, yeye kutoka kule, na sasa tumegusana kwa visigino.

Mpango ulikuwa wangu. Nilichora safu, nyuzi, rangi, kila kitu. Mshale mmoja wa kuonyesha juu ni wapi, sikuchora. Nani angechora mshale?

Mbuzi wake, nimeangalia kwa makini, anafanana na Nazario. Nimemwonyesha. Amefurahi.

Jumatatu, 4 Agosti

Jua. Sijaona hata ukungu ulipokwenda.

Happy kapiga simu Muyinga, kaweka simu mezani. Nilikuwa nimejiambia nitaanza kwa salamu. Happy akaeleza mambo yalivyo. Upande wa pili tukasikia mtu anacheka, halafu anaacha kucheka.

"Mwambie," Adventina akasema, "wanyama wa kwangu wako sawa. Wa kwake ndio wamepinduka."

Nikasema: mwambie mtu akisimama mlangoni, wageni wakiingia, kitanda kinatazamwa kutoka miguuni. Vichwa vya wanyama lazima vielekee kwenye mito. Ndivyo vitanda vyote duniani vilivyo.

"Bon. Mwambie sasa, hicho kitanda ni cha wageni? Mtu akilala, anaangalia wapi? Anaangalia miguuni kwake. Asubuhi Happy anafungua macho, anamwona nani? Anamwona simba wangu, amesimama vizuri, anamwamkia: bwakeye. Wanyama wangu wanatazamwa na wenye kitanda. Wa kwake wanatazamwa na watu wanaopita."

Nazario alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali, nikamwangalia, akaacha.

"Tena mwambie," simu ikaendelea, "Leti tangu zamani ni hivyo. Sebule inang'aa, yeye mwenyewe analala kwenye godoro lenye shimo."

Godoro langu halina shimo. Lina bonde kidogo, upande wa Nazario.

Jumanne, 5 Agosti

Baridi ya hasira.

Nimeamua: nafumua safu zake na kuzishona upya. Siku ni chache mno, najua, lakini mtu hawezi kutandika aibu. Nikakaa mlangoni penye mwanga na mkasi mdogo. Nikaanza na mbuzi, kwa sababu ni mdogo. Sikio la kushoto.

Limenichukua karibu asubuhi nzima. Mishono yake imekaa kama meno kwenye ufizi! Uzi ulipotoka, matundu yakabaki kwenye kitambaa, na alama ya karatasi ya kaboni chini, sikio la bluu lisilo na nyama. Mbuzi akanitazama kwa macho ya Nazario.

Nimeacha. Sikio moja tu, na mgongo hautaki kunyooka.

Jioni Happy kapita na bahasha za mwaliko zilizobaki, kaona. Kasema tu kwamba chui amemtoa kabatini, anampigisha upepo.

Alhamisi, 7 Agosti

Ukungu. Baadaye jua dogo, la kuazima.

Adventina amekuja.

Hakutoa taarifa. Nilikuwa uani nachambua mchele, nikasikia Radjabu anapiga hodi. Radjabu hajawahi kufika nyumbani, kazi yake inaishia ajansi. Nikatoka. Kasimama na kuku chini ya kwapa na mkoba mkubwa, na nyuma yake kuna Adventina, kapungua, ana mvi pembeni, kavaa gauni langu la zamani ambalo nilifikiri lilipotea. "Mama," Radjabu akasema, "leo nimeletea mutoto mama yake ya pili." Akaweka kuku chini, akakimbia. Hakutaka hata maji.

Tukatazamana. Nilikuwa nimeandaa maneno, kwa miaka. Mazuri kabisa, yenye mwanzo na mwisho.

Yeye akapita mbele yangu, akaingia sebuleni, akafunua shuka kwenye kochi, akalipekua kama mtu anayetafuta funza. Akainua kichwa.

"Sikio la mbuzi wangu liko wapi?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya dada yangu kwangu tangu tumalize matanga ya mama.

Nikamwambia lilikuwa linaelekea pabaya.

"Leti. Umekata sikio la mbuzi."

"Sikukata. Nimefumua."

"Muulize mbuzi kama anaona tofauti."

Nazario kwa bahati mbaya akaingia wakati huo. "Shemeji, karibu!" Adventina akamtazama Nazario, akamtazama mbuzi, akamtazama tena Nazario, na kicheko kikamtoka puani. Na mimi — basi, nilikuwa nimechoka. Nikacheka. Nazario akasimama pale anashika sikio lake, hajui anachekwa kwa nini, na kadiri alivyolishika ndivyo tulivyozidi.

Nikamwambia alishone upya, uzi wa kahawia ninao. Akakataa. "Liache. Watoto wa Happy watauliza, na Happy awaambie alikuwa na shangazi mwenye mkasi."

Kisha akatoa fremu yake mkobani, akakaa. Kazi iliyobaki ni katikati. Nikapendekeza mto: maji yapite pale kwenye uzi mwekundu, wanyama wake ng'ambo ile, wangu ng'ambo hii, kila mmoja kasimama ukingoni kwake. Wazo zuri, hata sasa naliona zuri. Lakini uzi wa bluu umekwisha, na Swabra wa sokoni anasema bluu itatoka Bujumbura wiki ijayo. Adventina kasema mto wa kijani ni kinamasi. Kweli.

Ndipo akachukua penseli yangu bila kuomba, akachora duara. Ndani ya duara, petali kuzunguka. Ua lililofunguka, linalotazamwa kutoka juu, kama unapochungulia ndani ya kikombe. Duara la pili. La tatu. "Hili lina kichwa wapi?" akaniuliza. Nikalitafuta kichwa. Halina. Lizungushe unavyotaka, ua ni lilelile.

Mimi, niliyechora mpango mzima, nilikuwa nimewaza maua ya mabua tu, ya kusimama na majani mawili kama askari.

Tumekaa tumeelekeana, magoti yanagusana, shuka limelala juu ya mapaja ya wote wanne — mapaja manne, namaanisha. Yeye kwa fremu yake kutoka kule, mimi kwa yangu kutoka huku. Kidonge kimoja cha uzi wa njano, tunavuta kwa zamu. Akivuta sana, wangu unakatika. Sijasema kitu. Ameniuliza mbona nimenyamaza, ninaumwa?

Ijumaa, 8 Agosti

Sikuangalia hali ya hewa. Nadhani ilikuwepo.

Nyumba imejaa. Ndugu wa Nazario wamefika kutoka Bugendana, wengine kwa miguu, na mikungu ya ndizi na madebe ya pombe. Kila mtu anataka kuliona shuka, kila mtu nimemwosha mikono. Shangazi mmoja mzee wa upande wao katazama kwa muda mrefu, kasema amewahi kuota ndoto kama hii akiwa na malaria.

Limekwisha saa tisa mchana. Petali ya mwisho nimeishona mimi, fundo la mwisho kalificha yeye. Tukalitandika kwenye kitanda changu, kujaribu. Mimi nilishika pindo langu, na bila kufikiri nikalielekeza kwenye mito. Na yeye kashika lake, kalielekeza hukohuko! Shuka likajikunja katikati kama mtu aliyepigwa tumboni.

"Mkubwa ndiye anayetandika," kasema.

"Mwenye nyumba ndiye anayejua kitanda," nimesema.

Happy kaingia. Kichwani ana vile vya kusokota nywele, haonekani kama mtu wa kubishana naye. Kasema, "Lakini shangazi, ni sawa!" Kalichukua shuka kutoka mikononi mwetu, kaliweka pindo langu kwenye mito. "Wa kwako wanasimama, wa shangazi Adventina wanapinduka." Kaligeuza lote, kichwa miguuni. "Wa shangazi Adventina wanasimama, wa kwako wanapinduka. Ni kitu kilekile! Tofauti ni nani anakaa kichwani tu. Chagueni." Na kabla hatujachagua akatupia mito miwili, ili tuone itakavyokuwa.

Mito ikamfunika simba. Simba mzima, nywele zote za rangi tatu. Na kiboko nusu.

Adventina akalitazama hilo. Na mimi nikalitazama. Sijawahi kusikia chumba kikifikiri kwa nguvu hivyo.

"Leti," akasema polepole, sauti laini, "nimewaza. We ndiye mwenye mji. Pindo lako likae kwenye mito. Ni heshima yako."

"Hapana, dada. Wewe ni mkubwa. Kichwani ni mahali pako."

"Mi siwezi kukunyang'anya."

"Na mimi siwezi kukushusha miguuni."

"Wageni wakiingia," kasema, "wataona nini? Lazima waone vichwa vimeelekea mito, umesema mwenyewe."

Na mimi — nilijisikia nikisema, mdomo ni wangu kabisa — "Kitanda si cha wageni, dada. Wanyama wanatazamwa na wenye kitanda."

Happy katoka. Tumemsikia ukumbini anauliza watu wa Bugendana nani amehamisha blanketi la chui.

Tumekula. Hatujakubaliana. Kesho gari linakuja kumchukua Happy kwenda kusukwa, sisi tunatakiwa Magarama kabla yake, pamoja, mkono huu na mkono ule. Pamoja tutakwenda. Ila pindo gani liende wapi — nimejaribu kumwambia mara mbili, amejaribu mara tatu, kila mmoja anamkaribisha mwenzake kwa adabu mpaka meno yanauma.

Na sasa usingizi. Wajomba wako sebuleni na Nazario, watoto ukumbini, wanawake wa Bugendana kwenye chumba cha Happy. Kilichobaki ni kitanda changu, cha mtu mmoja na nusu. Tumelala mzungu wa nne, mimi kichwa huku, yeye kule, miguu yake iko hapa shavuni kwangu. Imepasuka visigino. Ya baridi! Shuka limekunjwa kwenye kiti kati ya dirisha na sisi, nimemwona analitazama, yeye ameniona ninalitazama.

Amesema kutoka kule mwisho: "Zima hiyo taa ya simu, mwandishi."

Nimemwambia namalizia.

"Unaandika juu yangu?"

"Naandika juu ya mbuzi."

"Andika kwamba alikuwa na masikio mawili."

Nimeandika.

Jumamosi, 9 Agosti

Anga safi, hakuna ukungu. Naandika nimevaa kiatu kimoja.

Nimeamka, miguu haipo. Kitanda upande ule kimenyooshwa, kimetandikwa kana kwamba hakuna mtu aliyelalia. Kiti kitupu. Shuka halipo!

Nazario yuko mlangoni na kikombe cha chai, kazi yake ni kunywa tu. Anasema shemeji ametoka giza bado lipo, na pikipiki, shuka kalifunga mgongoni kwa khanga. Kwenda wapi? Magarama, wapi pengine. Amesema nini? Hakusema kitu. Mtu huyo anaweza kukaa na shuka mbele ya mlango wa bibi arusi ananisubiri, au anaweza kuwa ameshatandika, simba miguuni, wanyama wangu wa pindoni chini ya mito! Na Happy akiingia akamkuta peke yake, basi ni chui, na picha zote ni chui. Nikamwuliza Nazario kwa nini hakuniamsha.

"Nilitaka. Akanikataza. Alisema, mwache mdogo wangu, amepata usingizi saa nane."

Saa nane! Mimi mwenyewe sikuijua. Sikuangalia simu, nilikuwa nageuka tu na kugeuka, nikijua yeye amekwisha lala zamani, hata alikoroma. Sasa mtu anayejua saa niliyolala alikuwa macho mpaka saa hiyo, ananisikiliza ninavyopumua. Alikuwa anangoja nilale ili aibe. Au alikuwa anangoja nilale.

Pikipiki niliyoita inapiga honi. Kiatu cha pili hakionekani.

Niandike basi, kwa neno lake: nililala saa nane.